Mafiga Chini ya Turubai

Mafiga yalikuwa matatu, mawe meusi ya mtoni, na kwa mwaka mmoja na nusu Penina aliyaweka ndani ya gunia chini ya kitanda bila kuyapikia hata uji. Kila Jumamosi alipofagia aliyatoa, akayapangusa vumbi kwa kitambaa, kisha akayarudisha guniani. Mumewe Aminieli alimtazama akicheka.

"Mama Marta, kwa usafi huo mawe haya yatatutangulia mbinguni."

"Cheka tu, Baba Marta. Siku nyumba itakapokwisha kujengwa utaiona kazi yake."

"Na mpaka siku hiyo tutakula chakula cha debe."

Debe lenyewe lilikuwa la mafuta ya taa. Penina alilitoboa matundu kwa msumari, akawa anatia kuni ndogondogo ndani yake na kuteleka sufuria juu. Aliliweka popote upepo ulipomruhusu, leo upande huu wa gari, kesho upande ule.

Maana waliishi katika gari. Si gari la moto, bali lile gari refu la mbao la kukokotwa na ng'ombe, lenye turubai juu kama mgongo wa mnyama, ambalo Makaburu walikuja nalo tangu enzi za Mjerumani wakalowea kaskazini mwa mlima Meru. Aminieli alimwongozea Kaburu mmoja ng'ombe wake kwa miaka kumi na tisa. Vita vya Hitla vilipokwisha, yule Kaburu akanunua lori, akamwita Aminieli na kumwambia, "Hili la mbao chukua wewe. Mimi sina haja nalo tena." Watu wengine wangelipasua wakapata kuni za mwaka mzima. Aminieli alilizunguka mara tatu akiligonga kwa vidole, akarudi nyumbani akiwa na furaha kama mtu aliyepata mtoto wa kiume.

Huko nyumbani Nkoaranga, kihamba cha baba yao, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, kilikuwa kimegawanywa kati yake na kaka yake Anaeli, nacho kabla ya hapo kilikwisha kugawanywa mara mbili. Mgomba wa huyu ukiangusha jani, jani linalala kwa yule. Kahawa ya huyu inapigwa kivuli na mti wa yule. Kushuka chini hakukuwezekana, maana kuanzia pale miguuni mwa mlima yalianza mashamba ya Wazungu, moja baada ya jingine, na Mmeru alipita humo kama kibarua tu. Basi Aminieli akaenda kwa mshili, mzee wa ukoo ambaye ndiye mgawa ardhi na msuluhishi wa ugomvi, akamwomba mahali mbugani, ng'ambo ya mto wa Maji ya Chai, kule ambako hakuna aliyetaka kwenda.

Mshili alimpa, lakini kwa sharti.

"Nakupa masika mawili," alisema. "Masika ya kwanza upande. Masika ya pili yakiisha unikaribishe ndani, nikae, ninywe kitu. Nikikuta pori, nampa mwingine, usije ukanililia. Wanaotaka ardhi ni wengi, nami sina ardhi ya kuchezea."

Kisha akamgeukia Penina, maana alijua kuwa hawa wawili hawakujaliwa mtoto wa kiume, wana binti mmoja tu, Marta, aliyeolewa huko kijiji cha Sokoni.

"Nawe mama, sikiliza. Nyumba kwetu si kuta. Nyumba ni moto. Mwanamke akishaweka mafiga yake akayapikia, hata mumewe akitangulia, hakuna ndugu wala mshili wa kumwondoa hapo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

Alielewa, na ndiyo sababu aliyaheshimu sana yale mawe. Mama mkwe wake, Tabea, ndiye aliyeyachagua kwa mkono wake mwenyewe, akiwa mgonjwa tayari, akiingia mtoni hadi magotini. Aliyatemea mate ya baraka kama walivyofanya wakubwa zake, halafu akayaombea kwa jina la Yesu, maana alikuwa mtu wa makini na hakupenda kuacha mlango wowote wazi. Akasema, "Yaweke chini ya paa lako, mwanangu, si mahali pengine. Na ukishayaweka, usiyahamishe." Kabla mwezi haujaisha walimzika.

Siku ya kuhama walipanda garini wakiwa na kuku tisa, mbuzi watatu, vitoto vya migomba vimefungwa kwa majani yake yenyewe, na gunia la mafiga. Walikokotwa na ng'ombe wa kuazima. Anaeli alisimama juu ya ukingo wa barabara, mikono nyuma, akapaza sauti watu wasikie.

"Mtazameni konokono! Nyumba mgongoni, haya, twende!"

Watoto wakadaka, "Konokono! Konokono!" mpaka gari lilipopinda kona. Aminieli alicheka nao. Penina hakucheka. Alijua kuwa Anaeli alifanya mzaha ili asionekane anataka kulia, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka.

Maisha ya garini yalikuwa na adabu yake. Kitanda kilikaa nyuma kabisa, juu ya magurudumu makubwa, na aliyetaka kugeuka alimwarifu mwenzake kwanza. Ubao wa nyuma ukishushwa ulikuwa meza, ukipandishwa ulikuwa mlango. Kuku walilala chini, katikati ya magurudumu, na kila alfajiri jogoo aliwika chini ya mto wa Aminieli kama vile ameajiriwa. Mvua ikinyesha ilipiga turubai kwa kishindo kiasi kwamba hata sala ya jioni waliisema kwa kupiga kelele, na Aminieli akasema Mungu leo amesikia bila shida.

Jirani wao alikuwa Namnyaki, mwanamke wa Kiarusha, boma lake likiwa nyuma ya mgunga mkubwa. Mumewe Lerionka ndiye mwenye wale ng'ombe wa kuazima. Namnyaki alileta maziwa kwenye kibuyu, Penina alimpa mayai akayakataa, akampa mahindi akapokea.

"Yeyo," Namnyaki alimwuliza siku ya kwanza, akimwita mama kwa lugha yake na kuchungulia ndani, "hiki kitu kikiamka usiku kikaondoka, mtafanyaje?"

"Tutafika popote kitakapotufikisha."

"Mimi ningekifunga kamba."

Jambo moja ndilo lililowagombanisha mle ndani, nalo ni maji. Kiangazi mto ulikuwa mbali, mwendo wa asubuhi nzima kwenda na kurudi, na Penina alipotua ndoo kichwani, Aminieli alichota kibuyu kizima akaenda kuyamwagia magurudumu.

"Baba Marta! Migomba inakufa kiu, wewe unanywesha gurudumu?"

"Mbao zikikauka zinasinyaa, pete ya chuma inachomoka, gurudumu linasambaratika. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na tisa."

"Lakini gari hili haliendi popote."

"Haliendi. Lakini kitu ulichopewa unakitunza. Mbona wewe unapangusa mawe?"

Kila mmoja akaendelea na lake, huyu na magurudumu yake, huyu na mafiga yake.

Karani wa kuhesabu nyumba alifika mara moja, akiwa na kofia kichwani na daftari kwapani. Akatazama huku na huku.

"Mzee, nyumba yako iko wapi?"

"Ndiyo hii."

"Hii ina magurudumu."

"Inayo, lakini haijatoka hapa tangu mwaka jana."

Karani alicheka mpaka akavua kofia ajipepee. "Nikiandika gari kuwa nyumba, Bwana Shauri wa wilaya atanifukuza kazi leo leo. Wewe baki hukohuko Nkoaranga kwa kaka yako, ndiko ulikoandikwa." Akafunga daftari. Aminieli alifurahi wiki nzima kwamba serikali yenyewe imeshindwa kuiona nyumba yake. Penina hakuipenda furaha ile. Alikuwa mtu wa kuangalia mambo, na aliona si vizuri majina yao kulala mahali pamoja na miili yao mahali pengine.

Kazi kubwa ya Aminieli ilikuwa mfereji. Wameru hawawezi kuishi pasipo mfereji, ndivyo walivyozaliwa, na yeye alikusudia kuyatoa maji mtoni juu kabisa na kuyaleta kwa mteremko mdogo mpaka mlangoni pa nyumba yake. Alipima mteremko kwa chupa aliyoitia maji nusu akaifunga kwenye fito. Alilaza fito, akalala kifudifudi, akafumba jicho moja na kuyatazama maji ndani ya chupa yameinamia wapi. Akaridhika, akachimba hatua kumi, akalaza tena. Maji ya mto ule yalikuwa na rangi ya chai kweli, na meno ya watoto wa Lerionka yalikuwa ya kahawia kwa ajili yake, lakini migomba haina meno.

Kwa sababu ya mfereji, nyumba ilichelewa. Nguzo kumi na mbili alizisimika, na fito akafunga upande mmoja, kisha akarudi kwenye mfereji.

"Nikianza na nyumba, migomba itakufa," alisema. "Nikimaliza mfereji, nyumba ni kazi ya majuma matatu. Nyasi za kuezeka zipo, watu wa kunisaidia wapo."

"Masika ya pili ndiyo haya, Baba Marta."

"Najua. Kwani wewe una hofu gani? Weka mafiga yako hapa chini ya turubai, pika, mshili akija akute moto. Alikwambia mwenyewe nyumba ni moto."

"Mama yako alisema chini ya paa."

"Na hili juu yako ni nini? Anga?"

"Hili ni turubai. Mama yako hakusema turubai."

"Mama yangu angekuwa hapa angekwambia upike, mwanamke wewe, njaa inauma."

"Mama yako angekuwa hapa angekwambia uezeke."

Wakacheka wote wawili, na shauri likaishia hapo. Mara nyingi baadaye Penina alikirudia kicheko kile moyoni. Alijiuliza kama ilikuwa utii au ilikuwa kiburi, kwamba hakutaka wanawake wa Nkoaranga waseme mafiga ya Tabea yamewekwa chini ya gari la Kaburu. Alimwuliza Mungu pia. Alimwuliza kwa miaka.

Masika yalikuwa yanaelekea ukingoni, mvua nyembamba, zikabaki hatua mia mbili mfereji ufike. Aminieli alikuwa mtoni kwenye banio la kuchepushia maji mferejini, maji ya baridi kiunoni, siku nne mfululizo, akipanga mawe. Siku ya tano alirudi anatetemeka. Siku ya sita kichomi kilimshika upande wa kulia, akawa anapumua kwa vipande. Lerionka alitumwa mbio kwenda Nkoaranga kumwita Anaeli na watu wa machela, ili mgonjwa afikishwe hospitali ya misheni. Siku iliyofuata, jua likiwa ndio kwanza linagusa mgunga, Aminieli alifungua macho akauliza, "Magurudumu umeyamwagia maji?"

"Nimeyamwagia," alisema Penina, na ilikuwa kweli.

Hakusema neno jingine. Penina alimfumba macho, akamlaza mikono vizuri, akapiga magoti kati ya kitanda na sanduku, pale palipotosha goti moja na nusu, akasali. Halafu akashuka.

Namnyaki alikuwa amekaa chini karibu na debe. Alipouona uso wake hakuuliza. Waliliana begani, kila mmoja kwa lugha yake. Kisha Namnyaki akajipangusa, akamshika mkono kwa nguvu.

"Yeyo, nisikilize. Wanakuja leo. Lerionka amerudi usiku, anasema mzee wenu wa ardhi atakuja nao. Mawe yako yako wapi?"

"Ndani."

"Yatoe. Weka sasa hivi, washa moto mkubwa. Yapake masizi ya debe. Nani atajua? Mimi sitasema, na mbuzi hawasemi."

Penina alizitazama nguzo kumi na mbili. Alimtazama mumewe kupitia mlango wa ubao. Aliona wazi kabisa kilichokuwa mbele yake: kukiwa na nyumba hapa, Aminieli atazikwa hapa, karibu na mfereji wake, naye atakaa juu ya ardhi hii mpaka siku yake. Kukiwa hakuna nyumba, wote wawili watarudishwa, mmoja amekufa na mmoja mzima, na itakuwa kama hawakuja.

Alilitoa gunia. Aliyapanga mafiga katikati ya nguzo, mahali walipokuwa wamekubaliana kuwa jikoni, akawasha moto, akateleka chungu cha maji. Masizi ya debe hakuyagusa. Manyunyu yalianza kushuka na kila tone lilipoangukia jiwe lenye moto lilitoa sauti kama ya mtu anayefyonza. Hakukuwa na paa juu ya moto ule. Hata turubai halikuwepo.

Walifika adhuhuri. Anaeli alikuwa mbele, anakimbia kidogo, anatembea kidogo, na alipowaona wanawake wamekaa kimya, aliiacha fimbo yake ikaanguka. Alipanda garini peke yake. Walimsikia mle ndani akimwita mdogo wake kwa jina la utotoni.

Mshili aliwasili nyuma yake na watu wa machela. Alimpa Penina pole, akaondoa kofia, akasimama mbele ya maiti, kisha akaenda polepole katikati ya nguzo na kukaa juu ya gogo. Alitazama chungu. Alitazama mafiga. Alikuwa mzee, ameona mioto mingi.

"Mama Marta," alisema, Anaeli akiwa ameshuka na kusimama karibu, "wewe ni mjane sasa, na lazima niulize ili mbele ya watu neno liwe wazi. Moto huu umewashwa lini?"

Namnyaki akakohoa.

"Umewashwa leo asubuhi, baba," alisema Penina. "Baada ya kumfumba macho."

Mshili akachukua kijiti, akakisukumiza motoni ingawa hakikuhitajika.

"Masikio yangu ni ya uzee, mama," alisema bila kumtazama. "Na mvua hii inanisumbua. Pengine sikusikia vizuri. Nakuuliza tena, na ujibu taratibu. Mafiga haya umeyapikia tangu lini?"

Penina alielewa. Mlango ulikuwa umefunguliwa, na mzee mwenyewe ndiye aliyeushikilia. Kumbe hata Anaeli alikuwa amegeuza uso kutazama mlima, kama mtu asiyetaka kuwa shahidi. Lilihitajika neno moja tu. Lakini nyuma ya turubai alilala mtu ambaye saa chache zilizopita alimwuliza swali, naye akamjibu kweli, na hakutaka jibu litakalofuata liwe uongo.

"Tangu leo," alisema. "Yalikuwa guniani, baba. Nilikuwa nangoja paa."

Mshili aliinamisha kichwa, manyunyu yakimdondokea mabegani.

"Mwaka mzima na nusu," alisema mwishowe, kama anajisemea. "Na hata karani hakuandika nyumba hapa." Akainuka. "Basi. Aminieli amefia safarini. Aliyefia safarini hurudishwa kwa baba yake."

Penina akamgeukia shemeji yake, akamshika nguo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Shemeji, nakusihi. Mzike hapa. Njoo uone mfereji wake. Zimebaki hatua mia mbili tu!"

"Shemeji." Anaeli alikuwa analia waziwazi, kamasi na machozi, mtu mzima yule. "Nimwache hapa peke yake na fisi? Baba huko aliko akiniuliza mdogo wako umemweka wapi, nimjibu nini? Mimi ndiye niliyemwita konokono mbele ya watoto. Niache nimrudishe nyumbani."

Watu wa machela walipoonekana wamechoka na mwendo, Lerionka akasema kwa nini wambebe begani na gari lipo. Akaleta ng'ombe wake. Mtu mmoja aliyajaribu magurudumu kwa teke, akashangaa. Yalikuwa mazima, mbao zimevimba vizuri ndani ya pete zake, hakuna hata moja lililolegea. Kama Aminieli asingeyanywesha kiangazi kizima, gari lisingesogea hatua kumi, na pengine wangeshindwa kumwondoa. Penina aliliwaza hilo akiwa amesimama na gunia tupu mkononi.

Aliuzima moto kwa udongo. Mafiga yalikuwa bado ya moto alipoyainua kwa khanga, yakamchoma viganja. Mama mkwe alisema usiyahamishe. Amri ya kwanza aliitii kupita kiasi, na ya pili aliivunja siku ileile.

Akakaa garini kando ya mumewe, mafiga miguuni, kuku wakilalamika ndani ya tenga. Hapakuwa na kelele ya gurudumu hata kidogo. Walipita kati ya mashamba ya kahawa ya Wazungu, safu baada ya safu, zimenyooka kama zimepigwa rula. Walivuka Usa River, wakapita Makumira, na watu waliokuwa wakilima kando ya barabara waliweka majembe chini na kuvua kofia. Mlima ulikuwa umejifunika mawingu. Watu waliimba wimbo wa maziko sauti ya chini, Anaeli akiongoza ng'ombe wa mbele kwa mkono wake, na kila gari liliporuka shimo aligeuka na kusema, "Pole, mdogo wangu."

Walifika Nkoaranga asubuhi ya pili. Mwisho wa kihamba cha Anaeli, pale barabara inapoacha kuwa barabara na kuwa njia ya miguu, ng'ombe waligoma kupanda, na Aminieli akachukuliwa kwa mabega ya watu kupitia migombani. Mwinjilisti alisoma, wakaimba, wakamzika karibu na baba yake na mama yake. Marta alikuja kutoka Sokoni akiwa na mimba kubwa, akalia hadi wanawake wakamkalisha chini.

Baada ya maziko, Hanna, mke wa Anaeli, alimwandalia Penina kitanda nyumbani kwake.

"Jikoni kwangu ni kwako, Mama Marta," alisema, na alisema kwa moyo. "Tupike pamoja."

"Ahsante, mama. Nitalala garini."

"Garini? Watu watasemaje?"

"Watasema konokono," alisema Penina. "Nimezoea."

Anaeli hakubisha. Wiki ya tatu alishuka na miti miwili ya kunyanyulia, akaita wanaume wanne. Wakanyanyua gari upande mmoja, wakachomoa magurudumu, wakaliweka juu ya mawe manne mapana, kisha wakafanya hivyohivyo upande wa pili. Jasho lilimtoka Anaeli, naye hakukubali kupumzishwa. Alipomaliza aliyaegemeza magurudumu kwenye mti na kusimama akiyatazama.

"Yalikuwa magurudumu mazuri," alisema.

"Alikuwa akiyanywesha maji."

"Maji? Kule mbugani?"

"Ndiyo, shemeji."

Anaeli akaondoka haraka.

Jioni ileile Penina alitandaza turubai mbele ya gari kwa fito mbili, akapanga mafiga chini yake, akayapikia. Hakungoja. Hapakuwa tena na cha kungoja, maana tangu walipohama ardhi hii yote ilikuwa ya shemeji yake, na hapa yeye alikuwa mgeni aliyetendewa wema. Aliketi akapuliza moto, akanywa peke yake uji wa chumvi.

Mwaka ulipita. Siku moja baada ya ibada, Penina alimkuta Namnyaki ameketi kwenye ubao wa gari, miguu ina vumbi mpaka magotini, kando yake mkungu mdogo wa ndizi umefungwa kwa kamba ya ngozi.

"Yeyo, unaishi mlimani kama nyani," alisema Namnyaki, na wote wawili wakacheka, kisha wakalia, kisha wakacheka tena.

Akampa habari. Kiwanja kilipewa kijana mmoja mwenye mke mchanga. Kijana yule aliezeka zile nguzo kumi na mbili ndani ya mwezi mmoja. Halafu akachimba hatua mia mbili zilizobaki.

"Maji yalipita?" aliuliza Penina.

"Yalipita. Siku ya kwanza yalikuja na majani na chura. Kijana alikuwa na hofu yatakwama, hayakukwama. Mumeo alipima vizuri na chupa yake." Namnyaki akaugonga ule mkungu. "Hizi ni za mgomba wa kwanza, ule wa karibu na pale gari lilipokuwa. Yule mke mchanga alisema mpelekee mama aliyepanda."

Penina alikata ndizi, akazimenya moja moja, maganda akayakusanya kwa ajili ya mbuzi. Ndizi zilikuwa fupi na ngumu, za mahali palipokosa maji kwa muda mrefu. Aliinjika sufuria. Mafiga yalikuwa meusi sasa, yameshika masizi upande wa ndani, na hapakuwa tena na Jumamosi ya kuyapangusa.

Manyunyu yakaanza. Namnyaki alisogeza kigoda chake ndani zaidi, akatazama juu, ambako maji yalikuwa yanakusanyika na kuteleza pembeni.

"Hili turubai lenu halivuji," alisema.

"Halivuji," alisema Penina. "Halijawahi kuvuja."

Akakoroga ndizi, akachochea moto.